Barua ya Wazi kwa Wabunge: Siku Kinga ya Gesi Itakapoitwa Hasara

Waheshimiwa wajumbe wa kamati za Bunge zinazosimamia nishati na mitaji ya umma,



Jambo ninalowaandikia bado halijafika mezani kwenu, na ndiyo maana nimeona niandike sasa. Mradi wa kusindika gesi asilia pale Likong'o, Lindi, ukifika mahali pa kusainiwa, TPDC, shirika letu la umma la petroli, inatarajiwa kuwa mbia kwa niaba yetu katika biashara ambayo gharama yake imekuwa ikitajwa kufikia dola bilioni 42. Sioni jinsi hisa hiyo itakavyolipiwa bila mkopo. Gesi itauzwa kwa bei isiyopangwa Dodoma, na mkopo utatozwa riba ambayo nayo huenda isipangwe Dodoma. Katikati ya hayo mawili itakuja siku ofisa mwenye makabrasha atawaeleza kuwa shirika linahitaji kujikinga. Miaka miwili mitatu baadaye atakuja ofisa mwingine, safari hii wa ukaguzi, kuwaeleza kuwa kinga ile imekula mabilioni. Mimi ni mhasibu, na siku inayonitia hofu ni hiyo ya pili. Namna mtakavyoipokea ndiyo itakayoamua kama shirika letu litathubutu kujikinga tena.

Kinga ya bei ya gesi ilikomaa Marekani, kwa hiyo nianzie huko. Katika mji mdogo wa Erath, Louisiana, kuna makutano ya mabomba yanayoitwa Henry Hub. Tangu Aprili 1990, soko la bidhaa la New York, NYMEX, limekuwa likiuza mikataba ya gesi ya miezi ijayo kwa bei ya makutano hayo, kila mkataba ukiwa wa MMBtu 10,000. MMBtu ni kipimo cha joto lililomo ndani ya gesi, na ndicho kinachotumika hata kwetu katika mikataba. Bei ya Henry Hub haina adabu. Julai 2008 ilivuka dola 13. Aprili 2012 ilikuwa chini ya dola 2. Juni 2020 wastani wa mwezi ulikuwa dola 1.63, na Agosti 2022 ukafika dola 8.81. Kabla ya mwaka kwisha tangu Agosti hiyo, ilikuwa imerudi kwenye dola 2 na senti kadhaa. Kampuni iliyochimba visima kwa fedha za kukopa haiwezi kupanga hata mishahara kwa bei ya namna hiyo.

Kwa hiyo inafunga bei. Tuseme kampuni na benki wanakubaliana dola 3 kwa MMBtu kwa mwaka mzima ujao. Gesi yenyewe haihusiki katika makubaliano hayo. Itaendelea kuuzwa kwa wateja wale wale kwa bei ya siku. Bei ya soko ikishuka hadi dola 2, benki inailipa kampuni dola 1. Ikipanda hadi dola 9, kampuni inailipa benki dola 6. Ukijumlisha fedha za mteja na fedha za benki, kampuni inabaki na dola 3 zile zile katika hali zote mbili, na kwa dola 3 ilishapiga hesabu kuwa itamudu kulipa mkopo, mishahara na kodi.

Lakini zile dola 6 ndizo zitakazoandikwa magazetini. Hakuna mwandishi atakayekumbuka kuandika kuwa mteja alilipa 9.

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi watauliza kama hii si kangomba iliyovaa tai. Swali ni la haki. Mkulima anayeuza korosho zingali mtini kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anadaiwa ada, hajajikinga na chochote. Amemuuzia shida yake mtu anayeijua vizuri. Anayejikinga anaiona bei ya soko siku anayofunga, na anaweza kukataa akaondoka. Mwenye kukosa hayo mawili yuko kwenye kangomba, awe na jembe au awe na jengo la ghorofa ishirini. Na yapo mashirika makubwa yaliyofunga bei huku benki imeshayakaba koo.

Benki zina njia ya kukaba. Wazalishaji wengi wa gesi Marekani hukopa kwa dhamana ya gesi iliyo ardhini. Benki hukadiria thamani ya akiba hiyo, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, kisha huamua kampuni inaruhusiwa kukopa kiasi gani. Bei ikianguka, kiwango kinapunguzwa, na anayedaiwa zaidi ya kiwango kipya anatakiwa kurudisha tofauti. Ndiyo maana mikataba mingi ya mikopo hiyo humlazimisha mkopaji kufunga bei ya sehemu fulani ya uzalishaji wake. Mkopeshaji hajali sana bei itakwenda wapi. Anachotaka kujua ni kama atalipwa hata bei ikienda kubaya. Naomba mlishike hilo, kwa sababu watu wengi, hata wenye shahada za fedha, hudhani kinga ni utabiri wa bei. Huanzia hapo hapo kupotea.

Chesapeake Energy ya Oklahoma ilipotea hivyo. Ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa gesi Marekani, na kwa miaka kadhaa kinga zake ziliiingizia fedha nyingi. Mwishoni mwa 2011 ilivunja karibu kinga zake zote za gesi ya mwaka uliofuata, bei ikiwa tayari imeshuka na wakubwa wakiamini haina pa kushukia tena. Aprili 2012 bei ikapita chini ya dola 2. Mwaka huo kampuni ilihangaika kuuza mali za mabilioni ya dola ili izibe pengo. Mkuu wake, Aubrey McClendon, alikuwa ameshaonja jambo hilo kwa mfuko wake mwenyewe: Oktoba 2008 alilazimika kuuza karibu hisa zake zote za kampuni ili alipe mikopo aliyozinunulia, baada ya thamani yake kuporomoka. Chesapeake iliendelea kubeba madeni mazito hadi ilipoomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Juni 2020. Sisemi kinga peke yake ingeiokoa. Nasema ilikuwa nayo, ikaivunja kwa kuwa mtu fulani alijiamini.

Sasa tazameni upande wa pili, ambao kwa siasa zetu ni mgumu zaidi. EQT ya Pennsylvania, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa gesi Marekani wakati huo, iliingia mwaka 2021 ikiwa imefunga bei ya sehemu kubwa ya gesi yake. Bei ikapanda. Katika robo ya tatu ya mwaka huo, miezi ambayo soko la gesi lilikuwa zuri kuliko lilivyokuwa kwa miaka mingi, EQT ilitangaza hasara ya karibu dola bilioni 2. Chanzo kilikuwa kinga. Sehemu kubwa ya hasara ile ilikuwa ya kwenye vitabu: kanuni za hesabu zinataka thamani ya mikataba ya kinga ipimwe upya kila robo mwaka, wakati gesi iliyo ardhini, ambayo nayo ilikuwa imepanda thamani, haipimwi hivyo. Upande mmoja wa mizani ulionekana, mwingine ukabaki chini ya mwamba. Mwaka uliofuata EQT ilipata faida.

Jiulizeni ingekuwaje kama jina lililo juu ya hesabu zile lingekuwa TPDC. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali angeiandika hasara hiyo, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mitandao ingeipokea. Mkurugenzi wa fedha angesimamishwa kupisha uchunguzi, na mrithi wake angejifunza kuwa usalama wa kazi yake uko katika kutofanya lolote. Bei ikianguka bila kinga, lawama ni ya soko la dunia. Bei ikipanda na kinga ipo, lawama ina jina na namba ya simu. Ofisa wa umma anayejua kupiga hesabu za maisha yake hatajikinga kamwe.

Lakini EQT ilipata pia taabu ya kweli, ya fedha taslimu. Wenye mikataba upande wa pili walidai dhamana kadiri bei ilivyopanda, na kampuni ikalazimika kuweka mamia ya milioni ya dola hata kabla gesi husika haijatoka kisimani. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika biashara hii. Kampuni ya Ujerumani, Metallgesellschaft, nusura ifilisike kwa hatari hiyo mwaka 1993. Tawi lake la Marekani lilikuwa limewaahidi wateja mafuta kwa bei iliyofungwa kwa miaka mingi, likajikinga kwa mikataba ya miezi michache michache sokoni. Bei ya mafuta iliposhuka, faida ilikuwa ya miaka ya mbele na madai ya dhamana yalikuwa ya asubuhi ile ile. Wakubwa waliogopa, wakafunga kila kitu, na hasara ikafika kama dola bilioni 1.3. Wachumi walibishana kwa miaka. Merton Miller, mshindi wa Nobeli, alikuwa upande wa waliosema kosa lilikuwa kukatisha mpango katikati. Huenda alikuwa sahihi. Lakini shirika la umma ambalo fedha zake zinasubiri kibali cha Hazina haliwezi kujibu madai ya dhamana ndani ya saa 24, hata liwe na hoja nzuri namna gani.

Nigeukie riba, kwa sababu katika mijadala yetu huwa inasahauliwa.

Mikopo mikubwa ya dola kwa kawaida hutozwa riba inayobadilika: kiwango cha soko pamoja na nyongeza ya benki. Kiwango hicho zamani kiliitwa LIBOR. Kwa dola kilifikia ukomo Juni 2023, na sasa kinachotumika ni SOFR. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilikuwa bado na riba ya kati ya sifuri na asilimia 0.25. Kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Kwa anayedaiwa dola bilioni 1, pointi tano za riba ni dola milioni 50 za ziada kila mwaka, bila kuongeza hata futi moja ya gesi. Na angalieni tarehe. Bei ya gesi iliporomoka kutoka zile dola 8.81 za Agosti 2022 katika miezi ile ile riba ilipokuwa ikipanda. Mzalishaji aliyekuwa na mkopo wa riba inayobadilika na gesi isiyofungwa bei alibanwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, wakati pengine mshauri wake alishamwambia kuwa hatari hizo mbili ni mafaili tofauti.

Kinga ya riba inafanana na ya bei. Kampuni inakubaliana na benki kuwa itailipa riba isiyobadilika, tuseme asilimia 4, na benki itaipa kampuni riba inayobadilika, ambayo itakwenda kulipia mkopo. Riba ipande, ishuke, kampuni inajua inalipa 4 na nyongeza yake. Mtego wake ni kwamba kinga hiyo ina maisha yake. Mkopo ukicheleweshwa, ukilipwa mapema au ukifutwa kwa kuwa mradi umesimama, kinga inabaki peke yake, na anayeishikilia amegeuka mcheza kamari wa riba bila kutaka. Mradi wetu wa Lindi umeshaahirishwa mara nyingi. Yeyote atakayependekeza riba ifungwe kabla ya mkopo kuanza kuchukuliwa aulizwe kwa nini ana haraka.

Mnaweza kusema haya ni ya Wamarekani na Wajerumani, wenye masoko yao. Sri Lanka je? Kati ya 2007 na 2008 shirika lao la umma la mafuta, Ceylon Petroleum Corporation, liliingia mikataba ya kinga na mabenki kadhaa, likijilinda dhidi ya kupanda kwa bei kwa kuwa lilikuwa mnunuzi. Malipo ambayo benki zingelipa yalikuwa na kikomo. Ya shirika hayakuwa na kikomo kinacholingana. Mafuta yaliyofika dola 147 kwa pipa Julai 2008 yalikuwa kwenye dola thelathini na kitu Desemba, na shirika likadaiwa. Mahakama ya juu ya nchi ikasimamisha malipo, benki kuu ikayazuia pia, wanasiasa wakasema shirika halikuwa na mamlaka ya kusaini. Mwaka 2011 mahakama ya London ikaikataa hoja hiyo na kuipa Standard Chartered haki ya kulipwa zaidi ya dola milioni 160. Mwaka uliofuata jopo la usuluhishi la ICSID likaiamuru serikali ya Sri Lanka iilipe Deutsche Bank kama dola milioni 60. Ushauri wa kisheria kuhusu mamlaka ya shirika hutafutwa kabla kalamu haijagusa karatasi. Baada ya hapo ni utetezi tu, na London hawaununui.

Mexico ilichagua njia nyingine ambayo naipenda zaidi kwa nchi kama yetu. Kwa miaka mingi hazina yao ilinunua haki ya kuuza mafuta kwa bei ya chini iliyokubaliwa, bila wajibu wa kuuza. Bei ikipanda, haki inaachwa ife na nchi inafaidi bei nzuri. Bei ikianguka, wauzaji wa haki hiyo wanalipa. Mwaka 2009 ililipwa zaidi ya dola bilioni 5, na 2015 zaidi ya bilioni 6. Gharama si ndogo, ilifika kama dola bilioni 1 kwa mwaka. Ila gharama hiyo inajulikana mwanzoni, inaingia kwenye bajeti kama bima, na aliyenunua haki na kuilipia yote mwanzoni hadaiwi dhamana usiku wa manane. Kampuni binafsi hupunguza gharama hiyo kwa kuuza sehemu ya faida ya juu: bei inapata sakafu na dari, na katikati mzalishaji anachukua inachotoa soko. Ni mbinu nzuri mikononi mwa wenye uzoefu. Kwa shirika letu ningeanza na sakafu peke yake, na kwa sehemu ndogo.

Kwetu, niseme ukweli, kinga ya kwanza ya gesi ni mkataba wa mauzo wenyewe. Gesi ya Mnazi Bay inauzwa ndani ya nchi kwa mkataba wa muda mrefu uliosainiwa 2014, kwa bei iliyoanzia dola 3 hivi kwa MMBtu na kupandishwa kwa kufuata mfumuko wa bei wa Marekani. Henry Hub ikicheza ngoma yake, kule Msimbati, kwenye gesi hiyo, hawasikii. Hatari iliyowaumiza wazalishaji wa ndani kwa miaka ilikuwa malimbikizo ya madeni ya shirika la umeme, TANESCO, na hakuna mkataba wa New York unaokinga dhidi ya mteja asiyelipa.

Lindi itakuwa biashara nyingine. Gesi iliyosindikwa mara nyingi huuzwa Asia kwa fomula inayofuata bei ya mafuta ghafi ya Brent, na wauzaji wajanja huweka ndani ya fomula mpindo unaopunguza makali bei inapopanda sana au kushuka sana. Hiyo ni kinga isiyodai dhamana, na inajadiliwa mara moja tu, wakati wa kusaini. Jirani zetu wa Msumbiji waliuza gesi yote ya Coral Sul kwa BP kwa mkataba wa miaka 20 kabla mtambo haujajengwa. Masoko ya kinga yenyewe hayafiki mbali hivyo. Baada ya miaka michache ya mbele wanunuzi huwa wachache na bei hupoteza maana. Na tusidanganyike kwa kuwaiga wabia wetu. Mmoja wao, Equinor, ilipofuta dola milioni 982 za mradi huu kwenye vitabu vyake Januari 2021, ilisonga mbele na visima vyake vya Norway na kwingineko. Kampuni yenye mali katika nchi nyingi inaweza kuamua kutojikinga kabisa na ikalala usingizi. TPDC itakuwa na mkopo mmoja mkubwa na mradi mmoja mkubwa.

Ombi langu, Waheshimiwa, ni sera ya maandishi, ipitishwe na bodi na ifike kwenu kabla mkopo wa hisa haujasainiwa. Itaje sehemu ya juu kabisa ya gesi inayoruhusiwa kufungwa bei, nami ningependa iwe chini sana ya uzalishaji tulio na uhakika nao, kwa sababu kisima kikizimika wakati umeahidi gesi yake, kinga inageuka deni. Itaje aina za mikataba inayoruhusiwa na izuie inayodai dhamana ya fedha taslimu. Kinga ya bei na kinga ya riba ziamuliwe na meza moja, kwa jedwali moja la marejesho ya mkopo. Maoni ya Mwanasheria Mkuu kuhusu mamlaka ya shirika yaambatishwe. Na taarifa ya kila robo mwaka ioneshe kinga na gesi iliyouzwa kwenye ukurasa mmoja, ili asitokee mtu wa kuwasomea nusu.

Mkaguzi naye anayo silaha tayari. Viwango vya kimataifa vya hesabu, IFRS 9, humtaka anayetumia hesabu maalumu za kinga awe na nyaraka za tangu siku ya kwanza, zikieleza ni hatari gani inakingwa, kwa chombo gani na kwa lengo gani. Siku mtakapoambiwa kuna hasara, itisheni nyaraka hizo kabla hamjamwita mtu. Zikiwapo na kinga imefanya ilichoandikiwa, mkurugenzi arudi ofisini kwake. Zisipokuwapo, au zikionesha tarehe ya baada ya bei kugeuka, hapo mna kesi.

Kwa sasa, kabla ya yote hayo, mwiteni mhusika wa fedha wa shirika na mumuulize swali moja: bei ya gesi ikishuka kwa nusu na riba ikipanda pointi tano katika mwaka huo huo, fedha za kulipa mkopo zinaishia mwezi gani? Akiomba wiki mbili aandae jibu, mpeni. Mkopo usisainiwe kabla hajarudi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu, Dar es Salaam